Ni nani mwenye dhamana ya jiko la walima?

 Leo tunapenda kuzungumza na wazee wetu, kina mama na vijana juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa katika ukurasa kama huu, nalo ni elimu ya mtu anayetupikia.

Waislamu tumezoea kuuliza swali moja tunapokaribishwa chakula: nyama hii amechinja nani? Ni swali la haki, na aliyelea familia yake juu ya swali hilo ameilea vyema. Lakini ni mara chache kumsikia mtu akiuliza la pili: imepikwa saa ngapi, na tangu ipikwe imekaa wapi? Ilhali aya ya 168 ya Suratul Baqara, inapowaruhusu watu kula vilivyomo katika ardhi, imetaja sifa mbili kwa pamoja, kwamba kiwe halali na kiwe kizuri. Sifa ya kwanza tumeishika barabara. Ya pili tumeiachia pua na ulimi, kwamba kinachonukia na chenye ladha ndicho kizuri.

Hebu tuitazame walima ya kawaida katika miji yetu. Mbuzi au ng'ombe huchinjwa mchana wa kuamkia shughuli. Nyama huchemshwa usiku, wali hupaliwa makaa karibu na alfajiri, na masufuria hufunikwa yakingoja. Ndoa hufungwa baada ya adhuhuri, mara nyingine baada ya alasiri kwa sababu upande wa bwana harusi umechelewa njiani. Ndipo sinia zinapoletwa. Kinachobakia hutiwa katika ndoo na mifuko, kikapelekewa majirani, wagonjwa na watoto wa madrasa, kikaliwa usiku, na pengine asubuhi ya pili yake.

Wali una kidudu chake, wataalamu wanakiita Bacillus cereus. Mbegu zake hutoka shambani pamoja na mchele, nazo huvumilia kuchemka. Wali ukipoa polepole mbegu hizo huchipua na kuzaana, na baadhi ya vidudu hivyo hutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Nyama iliyopikwa katika sufuria kubwa nayo ina adui wake, Clostridium perfringens, ambaye hupenda hasa mchuzi mzito unaoachwa upoe wenyewe usiku kucha. Wa tatu, Staphylococcus aureus, hukaa puani na katika vidonda vya mikono ya watu wazima wa afya, na sumu yake vilevile haiogopi moto. Ndiyo maana mtu huweza kuugua kwa chakula kilichochinjwa kisheria, kikapikwa kikaiva, kikanukia vizuri, na kupashwa moto mbele ya macho yake.

Jambo linalounganisha maadui hao ni muda na joto. Vitabu vya fani hii hutaja baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi kuwa ndiyo nafasi ya hatari: chini ya hapo vidudu hupunguza mwendo, juu yake haviwezi kuzaana. Baraza zetu za pwani, kivulini, huwa na nyuzi thelathini kwenda juu. Sasa msomaji apige hesabu mwenyewe ya saa zinazopita baina ya wali kuepuliwa na mgeni wa mwisho kunawa mkono.

Hatusemi haya kuwatisha watu wasiende walimani. Kuitikia mwaliko ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2015, lilisema kwamba watu wapatao milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufariki, ambapo 125,000 ni watoto wasiotimiza miaka 5. Karibu thuluthi moja ya wanaozikwa ni watoto wadogo, na wengi wako katika nchi zinazofanana na zetu. Hapa kwetu ugonjwa huo huitwa "tumbo tu", ukapita bila ya kuandikwa popote.

Je, sheria zetu zinasemaje? Hazikunyamaza. Kenya ina Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura 254. Tanzania Bara chakula kilikuwa chini ya TFDA tangu mwaka 2003 mpaka 2019, kazi hiyo ilipohamishiwa Shirika la Viwango, yaani TBS, na Zanzibar ina wakala wake, ZFDA. Bwana Afya anayo mamlaka ya kuingia jikoni na kufunga mlango. Hata hivyo, kwa wenye mikahawa na kina mama lishe walio wengi, sheria yote hiyo imekuwa na sura moja tu: cheti cha kupima afya, kinachohuishwa kila baada ya miezi sita.

Cheti hicho kina faida, wala tusikibeze. Lakini tuangalie kinachothibitisha. Kinasema kwamba siku fulani fulani alipimwa na hakuonekana na maradhi yaliyotafutwa. Hakisemi kama anajua kwamba kisu kilichokata kuku mbichi hakikati kachumbari. Hakisemi kama anajua wali upoozweje. Mpishi mwenye afya ya farasi anaweza kulaza hospitali harusi nzima, na cheti chake kikabakia mfukoni kikiwa halali mpaka tarehe yake. Tunapima mwili wa mpishi, elimu yake hatuiulizi.

Mataifa mengine yaliliona pengo hili wakaliziba kwa njia moja iliyo nyepesi kuieleza: kila jiko linalouza chakula liwe na mtu mmoja anayejulikana, aliyesomeshwa, akapewa mtihani na cheti, na ndiye atakayeulizwa. Manispaa ya Dubai inataka kila nyumba ya chakula iwe na mtu wa namna hiyo, na vijana wetu waliokwenda kutafuta riziki Ghuba wakaingia majikoni wanamjua vizuri. India, kupitia mamlaka yake ya chakula, ilianzisha mafunzo ya wasimamizi mwaka 2017, kwa hesabu ya msimamizi mmoja kwa kila wafanyakazi 25. Malaysia, kwa kanuni zake za mwaka 2009, humtaka kila anayegusa chakula cha biashara ahudhurie mafunzo, pamoja na kupimwa na kuchanjwa homa ya matumbo. Na kiwango chao cha halali kiitwacho MS 1500 hakimpi mtu nembo kwa uchinjaji peke yake, kinataka na usafi wa jiko. Hawa ni Waislamu wenzetu, nao hawakuona mgongano.

Lakini mfano tunaotaka kuukalia ni wa Australia, kwa sababu huko sharti limeandikwa kinagaubaga. Mwaka 1995 katika jimbo la Australia Kusini mtoto wa kike wa miaka 4 alifariki kwa sababu ya soseji iliyokuwa na vidudu, na watoto wengine zaidi ya 20 waliharibika figo. Msiba ule ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi kuwa na kanuni za pamoja za usalama wa chakula. Miaka ikapita, Queensland ikataka wasimamizi kwa sheria yake ya mwaka 2006, New South Wales ikafuata mwaka 2010, na hatimaye ikatungwa kanuni ya taifa, namba 3.2.2A, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2023.

Kanuni hiyo inamtaka mwenye mgahawa, mpishi wa sherehe na muuza chakula kilicho tayari kuliwa, kile kinachoharibika upesi, awe na msimamizi wa usalama wa chakula. Cheti cha msimamizi huyo kiwe kimepatikana ndani ya miaka 5 iliyopita, maana elimu nayo huchakaa. Awe na mamlaka ya kuamrisha na kukataza jikoni. Na awe anapatikana: cheti kilichotundikwa ukutani ilhali mwenyewe yuko mji mwingine hakitoshi. Wafanyakazi wengine nao wawe wamefundishwa mambo manne, ambayo ni kushika chakula kwa usalama, kukikinga kisichafuliwe, kusafisha na kuua vidudu, na usafi wa nafsi zao. Anayepika kwa ajili ya watu walao papo hapo huongezewa jukumu la kuandika: chakula kilipokelewa kikiwa na joto gani, kilipoozwa kwa muda gani, kilipashwa vipi. Daftari hilo hutunzwa kwa miezi 3 angalau.

Tuchukue kupooza peke yake, kwa kuwa hapo ndipo penye pilau yetu. Kanuni za huko zinasema chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 60 mpaka 21 ndani ya saa 2, kisha kutoka 21 mpaka 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria la ratili mia moja halishuki hivyo likifunikwa na kuachwa uani. Linashuka likigawanywa katika masinia mapana yasiyo na kina, na friji yenye nafasi ikiwapo. Ikiwa hakuna friji ya kutosha, basi jibu ni kubadilisha saa ya kupika, wali uepuliwe karibu na wakati wa kuliwa, na wapishi wakeshe mchana badala ya usiku. Hili halihitaji fedha. Linahitaji mtu anayejua sababu, na mwenye kauli ya kumwambia baba wa bi harusi kwamba ratiba haifai.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Tunawaomba warejee katika historia yao wenyewe.

Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Imam Muslim, alipita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini pana unyevu uliofichwa na ukavu wa juu, akamkemea mwenye mali na kumtoa mdanganyifu katika safu ya wafuasi wake. Mkono ule ulioingia chini ya rundo ndio msingi wa hisba. Sisi ambao mwaka 2004 tuliona nchini Kenya watu 125 wakifariki kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, tunapaswa kuliona tukio lile la sokoni kwa jicho jipya.

Kutokana na msingi huo ikatoka kazi ya muhtasib, msimamizi wa masoko. Katika karne ya sita ya Hijra, huko Sham, mwanachuoni Abdurrahman bin Nasr ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib katika kazi yake, akapita fani moja baada ya nyingine: wauza nafaka, wachinjaji, wapishi, waoka mikate. Masharti aliyomwekea mkanda unga yanastaajabisha. Asikande kwa miguu wala kwa viwiko. Avae nguo yenye mikono ya kubana. Afunge kitambaa usoni ili akipiga chafya au akizungumza, mate yasiangukie ungani, na utepe kipajini kuzuia jasho. Na mchana asimame mtu mwenye mgwisho afukuze nzi. Haya yaliandikwa mamia ya miaka kabla ya mtu yeyote kukiona kidudu kwa darubini.

La muhimu zaidi kwa mada yetu ni hili: muhtasib alikiri kwamba hawezi kuzijua hila za kila fani. Kwa hiyo aliagizwa amteue katika kila fani mtu mmoja mwaminifu, anayeijua kazi ndani na nje, aitwaye arifu, ambaye humuarifu hali ya wenzake na kubeba dhamana. Tofauti ya arifu yule na msimamizi wa Australia ni nini, ikiwa si kipima joto na karatasi? Tulikuwa nacho kitu hiki, tukakiweka chini, wengine wakakiokota kutoka njia nyingine kabisa.

Wapo pia wanaojibu kwa kadari: aliyeandikiwa kuugua ataugua. Hao ndio tunaowaona wakifunga milango yao kwa kufuli usiku. Mtume (s.a.w.) alimtaka mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ategemee. Alimfundisha anayeamka usingizini aoshe mikono kabla ya kuitia katika chombo, kwa kuwa hajui imelala wapi. Na akataka vyombo vifunikwe usiku. Na imepokewa kwamba anayetibu watu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba, madhara yakitokea dhamana ni yake. Hatukusudii kutoa fatwa hapa, hiyo ni kazi ya masheikh wetu. Tunauliza tu: anayewapikia watu 500 bila kujua anachokifanya, yuko mbali kiasi gani na tabibu yule?

Hoja nzito zaidi ni ya watu wa soko, nayo inastahiki kusikilizwa. Mama lishe anayeuza sahani chache ili alipe kodi ya chumba hana wakati wala ada ya kukaa darasani. Na kila sharti jipya la cheti, katika nchi zetu, huja na mtu anayekiuza cheti hicho chini ya meza. Tunazijua kadi za kupima afya ambazo mwenyewe hakutoa hata tone la damu wala choo cha kupimwa. Kuongeza karatasi juu ya karatasi za namna hiyo ni kuongeza dhulma, na mwenye kuumia huwa ni yule mnyonge ambaye ndoo zake zinamwagwa, si mwenye hoteli.

Kwa sababu hiyo hatuungi mkono sheria ianzie kwa mama lishe. Kwa maoni yetu ianzie kwa wanaopika kwa wingi na kwa mkataba: wapishi wa sherehe, mahoteli, shule za bweni, hospitali. Mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, kwa vitendo, na mtihani uwe wa kuonyesha kwa mkono, kwani wapishi wetu hodari wengi hawakukaa sana shuleni, na kalamu isiwe ndiyo kizingiti. Mama mwenye miaka 40 jikoni anajua mengi kuliko mwalimu atakayekuja na kitabu. Kilichobakia ni kumpa kipima joto na kumweleza sababu ya yale ambayo baadhi yake tayari anayatenda. Kipima joto chenyewe ni nafuu kuliko mbuzi mmoja.

Na hapa tunafika kwetu hasa. Kanuni ile ya Australia imewasamehe wanaopika katika hafla za kukusanya michango ya hisani. Serikali ina haki ya kusamehe, kwa kuwa haitaki kuvunja mioyo ya wanaojitolea. Lakini vidudu havina msamaha kwa sufuria la sadaka. Jiko la madrasa ya bweni halina Bwana Afya anayelitembelea kila mwezi, wala mzazi aliye karibu. Mtoto wa miaka 7 anakula kilichopo. Futari za msikitini hupikwa na watu wenye ikhlasi kubwa na swaumu vinywani, ambao huenda wasionje wakajua kama mchuzi umechacha, nazo huliwa na msafiri, mzee na mgonjwa wa sukari, ambao miili yao ndiyo isiyostahimili. Kwa kuwa hakuna biashara, hakuna leseni. Na kwa kuwa hakuna leseni, hakuna anayeuliza. Ikhlasi inapokelewa kwa Mola, lakini haiui vidudu.

Tunaziomba kamati za misikiti zisingoje sheria. Katika kila mtaa yupo Muislamu aliye muuguzi, Bwana Afya mstaafu, au kijana aliyefanya kazi katika jiko la hoteli kubwa akapitia mafunzo haya. Siku mbili katika ukumbi wa madrasa zinatosha kuwafundisha kina mama na vijana wanaopika: kunawa kwa sabuni, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kupika mpaka katikati ya mnofu, kulinda joto, na kutumia maji na vitu salama. Mambo hayo matano Shirika la Afya Duniani limekuwa likiyahubiri tangu mwaka 2001, nayo si mageni kwa mtu aliyelelewa juu ya twahara.

Kina baba nao, wanapokwenda kwa mpishi wa sherehe kupatana bei, wamzoee na maswali mengine. Ni nani katika kundi lako mwenye dhamana ya usafi, na siku hiyo atakuwapo mwenyewe? Wali utauepua saa ngapi? Kuku watafika wakiwa ndani ya barafu, au juu ya bodaboda? Mabaki yatagawiwa mpaka saa ngapi, na baada ya hapo yatamwagwa? Mpishi mwema hatakasirika kuulizwa. Atakayekasirika, mwambieni kwaheri kwa adabu, hata kama bei yake ni nzuri.

Zaidi ya hapo, kila kamati inayofuturisha imteue arifu wake, mwanamume au mwanamke, mmoja tu, mwenye haki ya kusema chakula hiki kisitoke na wote wakamtii, akiwemo mfadhili aliyetoa mchele. Jina lake libandikwe mlangoni mwa jiko kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.